Kadi Zilizotobolewa

Ukiuliza kijijini kwetu Hasamba shangazi Tulinagwe alifanya kazi gani Dar es Salaam, watakuambia alikuwa karani wa kuchapa. Nimewasahihisha mpaka nimechoka. Karani wa kuchapa ni mimi Ruti, mwenye steshenari pale mji mdogo wa Mpemba, barabarani kabisa, na mashine ya fotokopi inayotafuna karatasi kuliko mbuzi. Shangazi alikuwa mtunga programu, tena alitunga lugha nzima ya kuzungumza na kompyuta kwa Kiswahili, na ilifanya kazi, wakati mimi hata sijazaliwa. Kisha ikapotea. Jinsi ilivyopotea ndiyo iliyomfanya asimwamkie mama yake mzazi kwa miaka kumi na mitatu.

Nianze na mama huyo, bibi yangu Tukuswiga. Yeye na babu Isaka walishuka kutoka milima ya Ileje wakitafuta shamba la kahawa, wakalipata Hasamba. Shangazi alizaliwa hapo mwaka 1952. Shule ilikuwa mbali, kwa hiyo Bibi alimfundisha hesabu mwenyewe, wawili hao wamekaa chini kwenye jamvi, na buni mbichi za kuhesabia zimemwagwa katikati. Kumi kumi kwenye vifungu, zinazobaki pembeni. Mtoto akikosea, Bibi hakumpiga wala hakumwambia amekosea. Alivivuruga tu vifungu na kusema, "Haya, tena." Nami alinifundisha vivyo hivyo, na nilikuwa nalia kwa hasira.

Mwaka 1974 shangazi akaenda Dar na kuajiriwa na shirika moja lililokuwa na kompyuta. Kompyuta ya siku zile ilijaza chumba na haikuwa na kioo cha kuandikia. Uliipa maneno kwa kadi, vipande vya karatasi ngumu vyenye urefu wa kiganja, kila kimoja na safu themanini. Safu moja herufi moja, na kila herufi ina matundu yake. Kadi moja ilibeba mstari mmoja wa programu. Kazi ya shangazi ilikuwa kutoboa kadi hizo kwa mashine, kutwa nzima, akinakili mistari iliyoandikwa na wakubwa. Alikuwa haelewi anachonakili, na jambo hilo lilimkera. Akaanza kuuliza. Akaazima vitabu. Baada ya miaka minne akawa anaandika mistari yake mwenyewe.

Nimemsikia akieleza jambo hili mara nyingi, na kila mara uso wake ulibadilika. Mwanzoni kabisa, alisema, watu waliiandikia mashine namba tupu. Hata kujumlisha kulikuwa na namba yake, na ukikosea moja siku yako imekwisha. Halafu miaka ya hamsini wakatokea watu waliosema hapana, mashine ndiyo ijifunze maneno ya binadamu. Wakatunga FORTRAN kwa ajili ya wanasayansi, ambamo hesabu inaandikwa karibu kama ilivyo kwenye daftari la shule. Wakatunga COBOL kwa ajili ya maofisi, ambamo mstari unasomeka kama sentensi ya barua. Katikati pakawa na programu ya kutafsiri, inayoyasoma maneno hayo na kuyageuza kuwa namba. Wengi walibisha kwamba mashine haiwezi kutafsiri vizuri kama mtu. Ikaweza.

"Sijawahi kusikia wazo zuri kama hilo," alikuwa anasema. "Binadamu aseme kibinadamu, mashine ihangaike yenyewe. Ila sasa maneno waliyochagua yote ya Kiingereza. Nikajiuliza, mama yangu kule Hasamba, aliyenifundisha kuhesabu, yeye si binadamu?"

Basi akaanza. Miaka ile kompyuta mpya zilikuwa haziruhusiwi kuingia nchini, kwa hiyo iliyokuwepo ilienziwa, lakini Jumamosi mchana ilikaa bure. Shangazi aliomba Jumamosi hizo. Kwa miaka miwili aliandika, kwa FORTRAN, programu ya kusoma maneno ya Kiswahili na kuyageuza: SOMA, ANDIKA, KAMA, BASI, RUDIA, SIMAMA. Lugha yenyewe aliiita SEMA. Programu yake ya kutafsiri ilikuwa kadi mia nne kumi na mbili.

Ilipokamilika, mwaka 1981, aliandika kwa SEMA programu ndogo ya kuijaribu. Mpaka leo naijua kwa moyo:

SOMA UMRI
KAMA UMRI ZAIDI 29 BASI ANDIKA SHIKAMOO
VINGINEVYO ANDIKA MARAHABA
SIMAMA

Ishirini na tisa ulikuwa umri wake mwenyewe mwaka ule. Ukiipa mashine umri mkubwa kuliko huo, inakuamkia. Ukiipa mdogo, inaitikia kana kwamba wewe ndiye umeiamkia. Alisema karatasi ilipotoka na neno SHIKAMOO, alikaa sakafuni akacheka peke yake kwenye kile chumba cha baridi. Jumatatu alimwonyesha mkuu wake. Mkuu alisoma, akatabasamu kwa upole, akasema, "Sasa Tulinagwe, hii tutaifanyia nini? Hapa wote tunajua Kiingereza." Huo ndio ukawa mwisho wa SEMA ofisini. Mwaka 1984 kompyuta ile ilipoondolewa, shangazi alizipanga kadi zake kwenye boksi, akaja nazo likizo Hasamba, akalisukuma boksi chini ya kitanda cha Bibi. "Mama, nitunzie kadi zangu," alisema, akarudi Dar.

Bibi alikuwa mzee wa kanisa. Kazi yake ilikuwa kuandikisha watoto wanaobatizwa: jina la mtoto linaingia kwenye daftari la kanisa, na mzazi anapewa kadi ndogo ya kwenda nayo nyumbani. Katikati ya miaka ya themanini karatasi zilikuwa adimu, sabuni yenyewe ilikuwa ya kupanga foleni, na kadi za kanisa zikaisha. Watoto hawakuacha kuzaliwa kwa sababu hiyo. Bibi akawa anawarudisha akina mama mikono mitupu, na jambo hilo lilimuuma sana. Ndipo akakumbuka boksi.

Hapo watu wengi humlaumu, lakini hebu tumsikilize. Bibi alikuwa amesafiri mara moja tu maishani, kwa treni, kwenda Dar kumwona binti yake. Akiwa ndani ya treni alikuja mtu wa tiketi, akaitoboa tiketi yake na kumrudishia. Tiketi ikishatobolewa imekwisha kazi yake. Hivyo ndivyo alivyojua matundu. Alipolifungua boksi na kukuta kila kadi imejaa matundu, alielewa kwamba mwanawe amezitunza kama kumbukumbu za kazi iliyokwisha. Ni karatasi nzuri, ngumu, na upande wa nyuma ni mweupe. Akachukua kalamu. Kwa miaka kumi na mmoja kila mtoto aliyebatizwa Hasamba alipewa mstari mmoja wa programu ya shangazi yangu, na jina lake nyuma. Mimi ni mmojawapo, 1988.

Shangazi alirudi moja kwa moja mwaka 1996, baada ya shirika kuuzwa na watu kupunguzwa. Alivuta boksi akakuta kadi kumi na moja.

Nilikuwa mtoto wa miaka minane, nimejibanza mlangoni. Sikuwahi kusikia mtu mzima akimwambia mama yake maneno kama yale. Alimwambia, "Umeila akili yangu, mama." Bibi alikuwa ameshika sinia la mchele. Alisema tu, "Zilikuwa zimetobolewa, mwanangu." Wala hakuongeza kitu.

Waliishi nyumba moja kuanzia siku ile. Shangazi alimpikia, akamwogesha alipoishiwa nguvu, akambeba mgongoni kwenda zahanati mvua ikinyesha. Hakuna aliyeweza kumwita binti mbaya. Lakini asubuhi alisema, "Umeamkaje, mama?" na jioni, "Umeshindaje?" Shikamoo hakuitoa tena. Bibi alijibu, "Nimeamka salama," na mkono wake ukabaki umetulia tu magotini. Majirani walisikia, sisi watoto tulisikia, wala hakuna aliyethubutu kulisema. Bibi alifariki mwaka 2009, ana miaka themanini na minne, bila kuisikia tena.

Huo ndio ulikuwa ukaidi wa shangazi yangu. Nampenda, lakini sitaufunika.

Sasa mwaka juzi, mwezi wa pili, alikuja dukani kwangu mwanamume akitaka fotokopi ya vielelezo vya kuombea cheti cha kuzaliwa. Watu wengi wa umri wetu hawana vyeti, wanapeleka kadi za ubatizo. Akanipa kadi yake. Nikaibandika kwenye mashine, na fotokopi ilipotoka, kila tundu lilikuwa doa jeusi lililosimama wima, safu kwa safu. Nimeshaziona kadi hizo maisha yangu yote, yangu iko ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya kliniki, lakini sikuwahi kuziona namna ile. Zilionekana kama maandishi. Nikatoa nakala ya ziada, nikafunga duka saa tisa, nikapanda kwenda Hasamba.

Wakati huo shangazi alikuwa na presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limekufa, na daktari alikuwa amemwambia waziwazi kwamba la kulia litafuata, pengine kabla ya mwaka kwisha. Aliisogeza ile fotokopi hadi ikagusa pua, dirishani. Alikaa nayo muda mrefu.

"Hii ni mia moja na arobaini," alisema. "Hapa ndipo inapokata neno moja na jingine."

"Shangazi, unakumbuka?"

"Sikumbuki, nasoma. Hapa mwisho, tazama, safu hizi nane ni namba ya kadi. Niliitoboa kila kadi namba yake. Kumi, ishirini, thelathini. Nikitaka kuchomeka mstari katikati niwe na nafasi." Akaishusha ile fotokopi. "Nilijaribu kuiandika upya programu ile, mwaka tisini na saba. Nikakwama hapa hapa. Ruti, hizi kadi zipo?"

Nikamwambia zipo. Ziko kwenye mifuko ya nailoni, kwenye masanduku, chini ya magodoro, Hasamba nzima.

"Basi nataka niione ikiandika," alisema. "Mara moja tu, kabla hili nalo halijafa." Akagusa jicho la kulia kama anavyogusa mtu jino bovu.

Hapo kazi ikaanza. Niliazima daftari la ubatizo kanisani, miaka ya 1985 hadi 1996, kwa mama Tumpale, karani wa kanisa, na nikaanza kufuata majina. Usidhani ilikuwa rahisi. Kadi ya ubatizo ni ushahidi wa mtu, haukabidhiwi hivi hivi. Jenista, niliyesoma naye darasa moja, aliniambia usoni, "Ruti, nikikupa hiyo kadi kesho nitasema mimi ni nani?" Nilikasirika, tukarushiana maneno, nikarudi nikiwa nimenuna. Shangazi alicheka. Akasema wasilete kadi, waje wenyewe na kadi zao, azisome wakiwa wamekaa hapo, waondoke nazo.

Wakaja. Kila Jumapili baada ya ibada, benchi la uani lilijaa watu wazima wenye miaka thelathini hivi na zaidi, kila mtu na kadi yake. Shangazi alisoma, mimi niliandika kwenye daftari. Kwanza alisoma kwa jicho. Kufikia mwezi wa tano jicho lilichoka haraka, na hapo nilimwona akifanya jambo ambalo bado linanishangaza. Aliiweka kadi juu ya paja, akapitisha ukucha wa kidole cha shahada kwenye safu, taratibu, akisimama kwenye kila tundu, midomo ikicheza. Alama hizo alizijua tangu akiwa na miaka ishirini na miwili. Vidole vilijifunza kile macho yalichokuwa yakikisahau.

Jenista naye alikuja hatimaye, na kadi yake ameifungia ndani ya plastiki, imelaminishwa kama kitambulisho. Ukucha uliteleza. Ilibidi tuielekeze juani na kuhesabu vitundu kimoja kimoja kwa sauti, mimi na yeye, tukisahau kwamba hatusalimiani.

Jambo ambalo sikulitarajia ni jinsi watu walivyotaka kujua wana mstari gani. Wiliam, fundi baiskeli, aliondoka amenyong'onyea baada ya kuambiwa kadi yake ina neno moja tu, CONTINUE, ambalo halifanyi hesabu yoyote. Shangazi akamwita arudi. "Keti, baba. Mashine ikizungukazunguka kurudia kazi, hapo kwako ndipo inapojua duru imefika mwisho. Ukitoka wewe, inazunguka mpaka kesho." Wiliam aliondoka ameinua kichwa. Nasikia mpaka sasa huwatambia wateja.

Kufikia mwezi wa tisa tulikuwa na mistari mia mbili themanini na saba, pamoja na ile kumi na moja ya kwenye boksi. Waliobaki walikuwa wamehama, wengine wamefariki, wengine kadi zao ziliungua au ziliozeshwa na mvua. Lakini sehemu ile iliyomkwamisha ilikuwa karibu yote, na ukiwa na mstari wa juu na wa chini, wa katikati shangazi aliweza kuutunga. Alinisomea, nikaandika. Tulifika mpaka mwisho. Kadi pekee ambayo hakutaka kuijaza ilikuwa ya kwanza kabisa, namba kumi.

"Hiyo iache," alisema.

"Kwa nini? Si ndiyo mwanzo?"

"Ilikuwa na herufi C kwenye safu ya kwanza. Kadi yenye C ni maelezo ya watu, mashine inairuka. Haina kazi." Nilimuuliza iliandikwa nini, akaniambia nikamchemshie maji ya chai.

Tatizo likawa mashine. Mimi najua kuchapa na kujaza fomu za mtandaoni, basi. Nikamtafuta Deus, anayetengeneza kompyuta pale Tunduma mjini, na ambaye kwa bahati naye ni mtoto wa Hasamba mwenye kadi. Alinisikiliza akitabasamu kwa dharau kidogo.

"Dada Ruti, FORTRAN? Hiyo si ya enzi za babu?" Kesho yake akanipigia simu, sauti imebadilika. "Ipo, dada. Inapatikana bure, na watu wa hali ya hewa huko duniani bado wanaitumia."

Shangazi alipoambiwa hakushangaa hata kidogo. Deus alipokuja na laptop yake, alimwuliza yeye anaandika kwa lugha gani. Deus akataja mbili tatu za kisasa. "Zina IF, ile KAMA yangu?" Zina. "Zina namna ya kurudia kazi mpaka sharti litimie? Unaipa namba jina, kisha unaitumia kwa jina?" Vyote vimo. "Basi hao wote ni wajukuu," shangazi alisema. "Wamebadilisha nguo tu."

Siku ya Jumapili ya kwanza ya mwezi wa kumi na moja tulikaa sebuleni, sisi watatu. Kwa wiki mbili zilizotangulia jicho la shangazi lilikuwa limeharibika haraka kuliko alivyosema daktari. Alikuwa anaona mwanga wa dirisha na kivuli cha mtu anayepita mbele yake, basi. Hakulalamika. Mimi ndiye niliyelalamika, kwa Mungu na kwa kila aliyechelewa kuleta kadi.

Deus aliiendesha programu, ikakataa na kumwaga makosa skrini nzima. Shangazi akauliza ameanza kuandika kwenye safu ya ngapi. Ya kwanza, Deus akajibu. "Safu sita za mwanzo si zako," shangazi alisema. "Anzia ya saba. Hiyo ni sheria ya kadi." Deus akaguna kwamba hakuna kadi hapa. "Kadi hazipo, sheria yake bado ipo." Akaisogeza mistari yote, na makosa yakabaki manne, ambayo tuliyatafuta mpaka saa tisa.

Kisha ikakubali. Deus akaandika mistari minne ya SEMA, mashine ikauliza umri, akaweka wake, thelathini na sita. Kwenye kioo cheusi likatokea neno moja jeupe.

Shangazi alikuwa ameinama, uso wake karibu kabisa na kioo, ameyafumbua macho yote mawili.

"Imeandika nini?" aliuliza.

Nikamwambia, "Shikamoo."

Akaitikia kwa kichwa. "Basi inafanya kazi." Akajiegemeza kwenye kiti na kuomba chai. Miaka arobaini na mitatu, miezi tisa ya kadi, na mwenyewe hakuiona. Nilikwenda jikoni nikalia juu ya sufuria, na nilipotoka na chai Deus naye alikuwa anajifanya kufunga nyaya.

Wiki iliyofuata nilirudisha daftari kanisani. Mama Tumpale alilipokea, akalipangusa, akaniuliza habari za mgonjwa. Nikamweleza yote, na jinsi kila mtoto alivyopewa kadi isipokuwa mwenye kadi.

"Una hakika?" aliuliza. "Marehemu mama Tukuswiga alikuwa hapitishi mtu. Shangazi yako alibatizwa mwaka gani?"

Tukalishusha daftari la zamani kutoka juu ya kabati, lile lenye jalada la turubai. Ukurasa wa 1952 ulikuwa umenenepa. Kando ya jina la shangazi palikuwa na kadi, imeshikizwa kwa pini ya kushonea iliyokwisha kupata kutu. Mama Tumpale aliichomoa pini kwa uangalifu, akaniwekea kadi mkononi.

Nilimkuta shangazi amekaa uani, anaota jua. Nilisema shikamoo, akaitikia, nikamwekea kadi juu ya paja. Alijua ni kadi kabla hajaishika vizuri. Akaenda kwanza mwisho, kwenye safu nane za namba, na ukucha ukasimama. Namba kumi. Akarudi mwanzo, akaisoma polepole, kwa sauti, safu kwa safu.

"C. Kwa mama Tukuswiga, aliyenifundisha kuhesabu kwa buni."

Akairudia kwa kidole, bila sauti. Nikamwambia kwamba nyuma kuna maandishi ya kalamu.

"Ya nani?"

"Ya Bibi."

"Nisomee."

Juu ya kila kadi, kwa wino ambao siku hizi umefifia usisomeke, ile mashine ya kutobolea ilichapa kwa herufi ndogo kilichotobolewa chini yake. Bibi alijua kusoma. Nyingine zote zilikuwa maneno ya ajabu ya Kiingereza na alama, lakini hii ilikuwa ya Kiswahili na ilikuwa na jina lake. Nyuma yake alikuwa ameandika, kwa mwandiko wake wa kuegemea kushoto: Tulinagwe, mtoto wangu wa kwanza. Ananikumbuka. Hii isigawiwe. Tarehe yake ilikuwa ya mwaka 1985.

Nilipomaliza kusoma shangazi alianza kulia, mdomo wazi kama mtoto, ameishikilia ile kadi kifuani kwa mikono yote miwili. Nilimkumbatia. Alisema mara mbili tatu, "Alijua. Siku ile alikuwa anajua, na hakunijibu." Nami nilikuwa namkumbuka Bibi na sinia la mchele, na nilimwonea uchungu yeye na binti yake kwa pamoja.

Baadaye aliomba tumwite Deus. Alikuja jioni ile ile, jua bado liko juu ya mibuni.

"Kuna mstari umebaki," shangazi alimwambia. "Wa kumi. Uandike."

Deus akatazama. "Lakini mama, huu ni maelezo tu. Mashine haitausoma."

"Najua. Uandike."

Aliuandika, juu kabisa ya programu, C kwenye safu ya kwanza. Akaitafsiri upya. Mashine ikauliza umri.

"Niweke wako?" Deus aliuliza. "Sabini na mbili?"

Shangazi alitikisa kichwa kukataa. Alikuwa anahesabu kwa vidole, kwenye paja, kumi kumi.

"Weka tisini na tisa," alisema.

Nilijua ni umri wa nani, kama angekuwa hai. Deus hakujua, akaweka. Neno likatokea vilevile kama wiki iliyopita, herufi nane, hakuna iliyozidi wala kupungua. Nilifungua mdomo nimsomee, akaniinulia mkono ninyamaze. Alijipangusa uso kwa khanga, akajiweka sawa kwenye kiti, akageukia upande ambako kilikuwa chumba cha Bibi.

"Shikamoo, mama," alisema.